Picha ya Kwanza Isipotee: Barua ya Wazi kwa Madaktari na Wataalamu wa Mionzi wa Mkoa wa Pwani

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, madaktari na wataalamu wa mionzi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, na wenzenu wa hospitali za wilaya, Kisarawe ikiwamo.



Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha miaka mingi Kisarawe, sasa nakaa Picha ya Ndege hapa Kibaha, na huu ni mwaka wa sita tangu niambiwe nina saratani ya matezi. Yangu ni ile iendayo polepole, limfoma ya folikula. Nawaandikia kuhusu picha. Nasema picha kama tunavyosema wagonjwa, maana mkituambia "nenda kapige picha" wengi wetu hatutofautishi eksirei na ultrasaundi, wala CT na PET. Zote tunazilalia, zote tunazitafutia fedha, na tukitoka na bahasha mkononi tunajiona tumeshatibiwa nusu.

Ninachoomba nakisema mapema ili asiye na nafasi ya kusoma barua yote asikikose. Kila mgonjwa wa saratani ya namna hii apigwe picha moja kamili mwanzoni, kuanzia shingoni hadi kwenye kinena, kabla ya dawa yoyote. Matezi yapimwe na ukubwa wake uandikwe kwa namba. Na picha hiyo itunzwe mahali itakapopatikana hata baada ya miaka kumi.

Nieleze kwa nini. Tezi la kwanza nililigusa nikijifunga mtandio, chini ya taya upande wa kushoto. Lilikuwa kama korosho mbichi, gumu kidogo, linateleza chini ya kidole, na haliumi. Kutouma kwake kulinituliza. Kituo nilichoanzia wakanipa dawa za kifua kikuu, na siwalaumu sana kwa hilo: Tanzania imekuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na tezi la shingo lisilouma mara nyingi kweli huwa ni TB. Nikameza miezi sita. Tezi halikupungua, na wenzake wakaota kwapani. Ndipo daktari mmoja kijana akakataa kulichoma sindano tu; akalitoa tezi zima, likaenda maabara, na jina la ugonjwa likapatikana.

Baada ya hapo nikapigwa CT katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Fomu iliandikwa tumbo, basi nikapigwa tumbo. Shingo, kule ugonjwa ulikoonekana kwa macho, haikupigwa, wala kifua. Ripoti ikasema kuna matezi kadhaa karibu na mshipa mkubwa wa damu. Mangapi? Makubwa kiasi gani? Haikusema. Nikapewa CD, nikaiweka kabatini pamoja na vyeti vyangu vya ualimu, nikaamini imehifadhika.

Miaka miwili baadaye ultrasaundi ikaona tezi la tumboni lenye sentimita nne. Swali likawa moja: limekua, au ndivyo lilivyokuwa tangu zamani? CD haikufunguka kwenye kompyuta yoyote. Nilipoipeleka ilikotoka, nikaambiwa kumbukumbu za mashine ya zamani hazipo tena. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kulijibu swali lile, nikaandikiwa dawa za dripu zianze wiki ileile. Binti yangu ndiye aliyeng'ang'ania twende kwanza tukamwone bingwa. Yule bingwa alinipapasa, akapima damu, akauliza kuhusu homa, jasho la usiku na uzito, kisha akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Mama, sina cha kulinganisha nacho. Tupige upya, picha kamili, na hii ndiyo iwe ya kwanza." Tukapiga. Tukasubiri miezi kadhaa, tukapiga tena. Tezi lilikuwa palepale, na sentimita zake ni zilezile nne. Leo ni mwaka wa tatu tangu siku hiyo, na dawa sijaanza, kwa sababu hakuna lililonilazimu kuanza.

Kila mama aliyelea mtoto katika mkoa huu anaijua kadi ya kliniki. Mtoto akipimwa siku moja akaonekana ana kilo saba, hizo kilo saba peke yake hazimwambii muuguzi kitu. Anatazama nukta ya mwezi uliopita na ya mwezi ule mwingine, anatazama mstari unaelekea wapi, ndipo anajua amsifu mama au amwulize anamlisha nini. Saratani inayokwenda polepole inasomwa hivyohivyo. Tezi la sentimita nne lililokaa miaka mitatu bila kusogea ni habari moja. Lililofika nne kutoka moja na nusu kwa miezi miwili ni habari nyingine kabisa, na linaweza kuwa limegeuka kuwa saratani ya kasi. Mwenye picha moja tu hawezi kujua amekutana na lipi.

Kuna pia suala la hatua. Hatua nne za limfoma zilipangwa katika mkutano wa Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971, na msingi wake haujabadilika: ya kwanza ni eneo moja la matezi, ya pili ni maeneo mawili au zaidi lakini upande mmoja wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ya tatu ni juu na chini ya kiwambo, ya nne ugonjwa umeshaingia kwenye uboho, ini au viungo vingine. Enzi hizo, ili kujua matezi ya tumboni yakoje, wapo wagonjwa waliopasuliwa tumbo na kutolewa bandama kwa ajili ya uchunguzi tu. CT ndiyo iliyowaokoa watu na kisu hicho, na katika watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa kuivumbua, mmoja, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg. Huwa nalikumbuka hilo kila ninapolala kwenye kitanda cha mashine ile.

Mimi daftari langu moja liliandikwa hatua ya pili na jingine hatua ya tatu, kwa mwezi uleule. Aliyeandika ya pili alihesabu shingo na kwapa alivyovigusa kwa mkono. Aliyeandika ya tatu alikuwa na CT ya tumbo. Tofauti hiyo inabadilisha tiba. Mgonjwa wa hatua ya kwanza ya limfoma ya folikula anaweza kuchomwa mionzi eneo lile moja, na wapo wanaopona moja kwa moja. Mgonjwa wa hatua ya tatu au ya nne asiye na dalili anaweza kuachwa bila dawa, akifuatiliwa. Barabara hizi mbili haziendi mahali pamoja, na kibao kilichopo njiapanda ni ile picha ya kwanza. Ikikosa shingo au kifua, kibao kimeandikwa nusu.

Kuachwa bila dawa: naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapovunjika moyo. Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nina saratani na daktari amesema tungoje, dada yangu alilia akisema wamenikatia tamaa. Shemeji akaanza kutafuta mganga. Hakuna aliyewaeleza kwamba kungoja huku kumepimwa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 309 waliokuwa na limfoma ya polepole iliyokwisha kuenea lakini haijawapa dalili. Wengine walianzishwa kidonge cha kemotherapi papo hapo, wengine wakafuatiliwa tu hadi ugonjwa udai dawa. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 16, na walioanza mapema hawakuishi zaidi ya waliongoja. Katika waliongoja, karibu mmoja kati ya watano alikuwa bado hajahitaji kemotherapi baada ya miaka kumi. Tangu hapo zimekuja dawa bora, kama rituximabu, ambayo tangu 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kungoja bado ni njia halali kwa mgonjwa asiye na dalili. Naomba mtueleze hivyo, kwa Kiswahili, mbele ya ndugu zetu, tena mkionyesha picha kwenye kompyuta. Dada yangu alinyamaza siku bingwa alipomwekea picha mbili sambamba na kumwonyesha tezi lilelile, ukubwa uleule.

Nafahamu kwa nini daktari wa Afrika Mashariki akisikia neno limfoma mkono wake hukimbilia dawa. Limfoma iliyoipa kanda hii jina duniani ni ile ya kasi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wa Uganda wenye uvimbe wa taya, uvimbe unaoweza kuongezeka ukubwa kwa siku chache. Kwa mtoto yule, kuchelewa wiki ni kumpoteza. Lakini nikimsoma Burkitt kinachonivutia ni namna alivyofanya kazi. Alituma vipeperushi vyenye picha za ugonjwa kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza: mmeuona huu? Majibu yakarudi, akayaweka kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakazunguka takriban kilomita 16,000, Tanganyika ikiwa njiani mwao, wakigonga mlango wa hospitali hadi hospitali. Alipata alichokipata kwa sababu madaktari wa wilayani walikuwa wameweka kumbukumbu za wagonjwa wao. Ninachowaomba ninyi kina asili yake hapa hapa.

Sasa nije kwenye vifaa. Najua mtasema vifaa ni vichache. Lakini si kama zamani. Kwa fedha za UVIKO-19, zile trilioni 1.3 za mwaka 2021, serikali ilinunua mashine 29 za CT kwa ajili ya hospitali za mikoa, na Tumbi, ambayo ilizaliwa na mradi wa nchi za Nordiki miaka ya 1960 ikiwa kituo cha afya, sasa ina CT. Najua mashine ile kwanza ni ya vichwa vya majeruhi wa Barabara ya Morogoro, na iwe hivyo. Mimi tezi langu linaweza kusubiri Jumanne, kichwa kinachovuja damu hakiwezi. Ombi langu linahusu namna ya kuitumia siku hiyo ya Jumanne ikifika. Mgonjwa wa limfoma akilazwa pale, apigwe shingo, kifua, tumbo na nyonga kwa mkupuo mmoja, akiwa amechomwa dawa ya kung'arisha mishipa kama figo zake zimepimwa na kuonekana ziko salama. Ripoti itaje matezi makubwa kwa majina ya mahali yalipo, kila moja na sentimita zake kwa urefu na upana. Itaje urefu wa bandama, kwa kuwa kipimo kinachotumika duniani tangu makubaliano ya Lugano ya 2014 kinahesabu bandama iliyozidi sentimita 13 kuwa imevimba. Dakika chache za kuandika namba hizo zingeniokolea miezi kadhaa ya wasiwasi.

PET ni jambo jingine. Pale mgonjwa huchomwa sukari iliyotiwa florini yenye mionzi, na seli zenye njaa kubwa ya sukari huwaka kwenye picha. Florini hiyo hupungua nusu kila baada ya dakika 110, ndiyo maana mashine ya kuitengenezea, saiklotroni, lazima iwe karibu. Nairobi wanayo, katika Hospitali ya Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa miaka mingi Watanzania wenye uwezo walipanda ndege kwenda huko au India. Serikali nayo imewekeza kwenye kituo chake katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa mtu wa Kibaha hiyo ni safari ya kilomita arobaini hivi, afunge tangu usiku, na mwenye kisukari aelekezwe mapema jinsi ya kupanga dawa zake ili asirudishwe mlangoni.

Lakini PET haistahili kutafutwa kila kliniki. Nijuavyo mimi, ziko nyakati chache ambapo inafaa kumkopesha mtu fedha aende. Moja ni pale CT imesema hatua ya kwanza na daktari anataka kuchoma mionzi kwa nia ya kuponya. PET huweza kuonyesha ugonjwa mahali ambapo CT haikuutilia shaka, na tiba ikabadilika. Nyingine ni baada ya kumaliza dawa, kujua kama kilichobaki ni kovu au ugonjwa. Hapo ripoti iandike alama ya Deauville, ile ya moja hadi tano iliyokubaliwa katika mji huo wa Ufaransa mwaka 2009, maana nne na tano zina maana yake na neno "kumebaki kidogo" halina. Na ya tatu, ambayo mimi naiogopa kuliko zote, ni pale tezi moja linapokimbia ghafla au mgonjwa anapoanza kukonda: PET huonyesha ni tezi gani linalowaka zaidi, ili kinyama kichukuliwe hapo na si kwenye tezi rahisi la shingoni. Zipo pia limfoma za polepole zisizowaka vizuri, ambazo CT inazitosha.

Wala msisahau kwamba TB nayo huwaka. Katika nchi yetu picha inayong'aa kwapani inaweza kuwa ya bakteria. Picha haitoi jina la ugonjwa. Jina linatoka maabara, kwenye tezi lililotolewa zima. Nimekutana kliniki na wenzangu walioanzishwa dawa kwa picha peke yake, za TB au za saratani, na moyo wangu huumia kila nikiwasikiliza.

Kuna upande wa pili wa kosa, nao ni kupiga picha kwa mazoea. Mwenye bima nzuri hujikuta anapigwa CT kila baada ya miezi mitatu ingawa hana dalili na matezi yake hayajasogea. CT moja ya kuanzia shingo hadi nyonga humpa mtu mionzi sawa na anayoipata kwa miaka kadhaa kutoka ardhini na angani, na ikirudiwarudiwa inaweza kuleta saratani nyingine baadaye. Inaleta pia hofu. Wiki moja kabla ya picha silali, na ripoti ikitaja kivimbe kidogo kwenye ini ambacho hakihusiani, silali mwezi. Kwa mgonjwa anayengoja, mkono wa daktari shingoni, kwapani na kwenye bandama, mizani, kipimo cha damu na maswali matatu (homa? jasho la kulowesha shuka? uzito umepungua?) hutosha kliniki nyingi. Katikati, ultrasaundi inaweza kufanya kazi kubwa bila mionzi, nayo iko hata wilayani. CT ije pale kuna swali ambalo mkono na ultrasaundi vimeshindwa kulijibu.

Hili lina uzito zaidi kwa watu wa Kisarawe. Mtu anayetoka Maneromango kuja Tumbi mara nyingi huzungukia Dar es Salaam, mabasi mawili au matatu, na mtu wa kumsindikiza juu yake. Ukimwita kwa picha isiyo na swali, umemlia siku mbili za shamba na nauli ya wawili. Daktari wa Kisarawe mwenye ultrasaundi na nakala ya ripoti ya kwanza, yenye namba, anaweza kumfuatilia palepale na kumtuma Tumbi au Hospitali ya Mloganzila pale tu namba zinapogeuka. Asipokuwa na namba hizo, hana la kufanya ila kuandika rufaa.

Kuhusu kutunza: CD zinakufa. Zangu mbili zilikufa kwa joto na vumbi. Naomba kila hospitali yenye CT iwe na mfumo unaohifadhi picha kwa namba ya mgonjwa, na ule wa Tumbi uweze kufunguliwa Mloganzila na Ocean Road bila mgonjwa kubeba bahasha. Hadi hapo utakapokamilika, mgonjwa apewe nakala kwenye flashi, na kwenye jalada la mbele la daftari lake paandikwe kwa wino: aina ya limfoma, hatua, tarehe ya picha ya kwanza, mahali ilipopigwa, tezi kubwa kuliko yote na ukubwa wake. Mistari mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na itakapomfikia kila mtu ningependa imkute mgonjwa asiyelazimika kulipiwa upya picha iliyokwisha kupigwa.

Kliniki yangu ni mwezi ujao. Nitakuja na mkoba wangu wa kitenge, ndani mna flashi mbili zenye picha zileile, moja ya akiba, na daftari ambalo jalada lake nimeliandika mwenyewe mistari ile mitano. Naomba atakayenipokea aziingize picha zangu kwenye mashine yenu, nami nikae pembeni nizione zikifunguka.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mgonjwa wa matezi
Picha ya Ndege, Kibaha